Bima ya mpangaji

Bima ya mpangaji ni aina ya bima inayomlinda mtu anayeishi katika nyumba au chumba cha kupanga dhidi ya hasara ya mali zake, gharama za kuhama kwa dharura, na madai ya watu wengine aliowasababishia madhara. Haihusu jengo lenyewe. Kuta, paa, mabomba na milango ni mali ya mwenye nyumba, naye ndiye anayevikatia bima. Lakini bima yake haigusi kitanda, nguo, televisheni wala kompyuta ya anayekaa ndani. Nyumba ya kupanga ikiungua, mwenye nyumba anaweza kulipwa jengo zima huku mpangaji akibaki na nguo alizovaa tu.

Makala hii inaeleza hasa bima hiyo jinsi ilivyo nchini Marekani, ambako huuzwa kama hati ya peke yake na mara nyingi hutakiwa na mkataba wa upangaji. Wasemaji wa Kiswahili wanaohamia huko, wakiwemo wakimbizi kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hukutana nayo pengine siku ile ile wanapotia sahihi mkataba wa nyumba yao ya kwanza. Mwishoni mwa makala kuna maelezo mafupi kuhusu Ufaransa, Kenya na Tanzania.

Historia

Bima ya moto kwa ajili ya majengo ilianza London baada ya Moto Mkubwa wa mwaka 1666, na Nicholas Barbon alikuwa mmoja wa waanzilishi wake. Katika makoloni ya Marekani, Benjamin Franklin na wenzake waliunda chama cha bima ya moto huko Philadelphia mwaka 1752. Vyama hivyo vya mwanzo vilikata bima za nyumba, na walionufaika walikuwa wenye nyumba.

Hadi katikati ya karne ya 20, Mmarekani aliyetaka kujikinga na moto, wizi na kesi za majirani alilazimika kununua hati tofauti kwa kila jambo. Mwaka 1950 kampuni ya Insurance Company of North America iliunganisha kinga hizo katika hati moja ya mwenye nyumba, na wengine wakafuata. Baadaye shirika la Insurance Services Office, lililoundwa mwaka 1971, lilisambaza fomu za mfano ambazo kampuni nyingi hutumia au kuiga. Fomu ya mpangaji hujulikana kama HO-4. Kwa ufupi ni hati ya mwenye nyumba iliyoondolewa sehemu ya jengo.

Usimamizi wa bima nchini Marekani uko mikononi mwa majimbo, jambo lililothibitishwa na sheria ya shirikisho ya McCarran-Ferguson ya mwaka 1945. Kwa hiyo maneno ya hati, bei na haki za mteja hutofautiana kati ya jimbo na jimbo. Viwango vinavyotajwa hapa chini vinatoka katika fomu ya mfano ya HO-4 toleo la mwaka 2000. Hati ya kampuni fulani inaweza kuwa tofauti.

Sehemu za bima

Hati ya kawaida ina sehemu nne: mali za mpangaji, gharama za kuishi kwingine, dhima kwa watu wengine, na matibabu ya wageni. Mpangaji huchagua kikomo cha sehemu ya kwanza, yaani kiasi cha juu ambacho kampuni italipa, kwa mfano dola 20,000. Huchagua pia kiasi cha kujigharimia, yaani sehemu ya hasara ya mali anayoibeba mwenyewe kabla ya kampuni kulipa chochote. Kiasi hicho mara nyingi ni dola 500 au 1,000. Kadiri kinavyokuwa kikubwa, ndivyo ada ya bima inavyopungua.

Kwa jumla ada yenyewe si kubwa. Takwimu za chama cha wasimamizi wa bima wa majimbo (NAIC) zinaonyesha kwamba miaka ya karibu na 2020 wastani wake ulikuwa chini ya dola 200 kwa mwaka mzima. Hata hivyo uchunguzi wa taasisi ya Insurance Information Institute wa mwaka 2016 ulikuta kwamba ni asilimia 41 tu ya wapangaji waliokuwa na bima hiyo, ilhali asilimia 95 ya wenye nyumba walikuwa na bima ya nyumba zao. Sehemu ya tofauti hiyo inaelezeka kwa urahisi: benki inayomkopesha mtu fedha za kununua nyumba humlazimisha aikatie bima, lakini hakuna benki inayodai chochote juu ya sofa ya mpangaji.

Majanga yanayolipiwa

Jambo la msingi katika bima hii ni kwamba kampuni hailipi kwa sababu tu mali imeharibika. Hulipa ikiwa imeharibiwa na mojawapo ya majanga yaliyotajwa katika hati. Fomu ya HO-4 hutaja 16: moto au radi, upepo mkali au mvua ya mawe, mlipuko, ghasia, ndege, magari, moshi, uharibifu wa makusudi, wizi, vitu vinavyoanguka, uzito wa barafu au theluji, maji au mvuke unaomwagika ghafla kutoka kwenye mabomba au mashine, kupasuka kwa ghafla kwa mitambo ya kupasha maji au nyumba joto, kuganda kwa mabomba, hitilafu ya umeme, na mlipuko wa volkeno.

Kisichomo katika orodha hakilipiwi. Simu iliyotumbukia chooni haimo. Godoro lililoingiwa na kunguni halimo, wala nguo zilizotafunwa na panya. Tetemeko la ardhi limetengwa waziwazi. Mpangaji wa California anayetaka kinga hiyo huinunua kwa nyongeza, na tangu mwaka 1996 jimbo hilo lina taasisi maalumu ya bima ya matetemeko, iliyoanzishwa baada ya tetemeko la Northridge la mwaka 1994 kuwafanya watoa bima wengi wasite kuuza bima za nyumba. Gari pia halimo, kwa kuwa lina bima yake, ingawa begi lililoibwa ndani ya gari kwa kawaida ni mali ya mpangaji kama mali nyingine.

Wizi hulipiwa hata nje ya nyumba. Hati ya mfano hulinda mali za mpangaji popote duniani, hivyo mtu anayeishi Minneapolis ambaye kamera yake imeibwa hotelini Mombasa anaweza kudai fidia Marekani, mradi ana ushahidi kama taarifa ya polisi. Mali iliyowekwa katika makazi mengine ya mwenye bima, hata hivyo, hulindwa kwa asilimia 10 tu ya kikomo au dola 1,000, kutegemea ni kiasi gani kikubwa zaidi.

Suala la maji

Maji ndiyo sehemu inayoleta ubishi zaidi, maana maji yale yale sakafuni yanaweza kulipiwa au kutolipiwa kutegemea yalikotoka.

Bomba likipasuka ukutani na kulowesha makochi, hasara hulipiwa. Vivyo hivyo ikiwa mashine ya kufulia ya jirani wa juu imefurika na maji yakateremka kupitia dari: mpangaji wa chini hudai kwenye bima yake mwenyewe, kisha kampuni yake inaweza kumfuata aliyesababisha. Lakini bomba likivuja polepole kwa wiki au miezi chini ya sinki, kampuni hukataa, kwa kuwa janga lililotajwa ni la ghafla na la ajali. Ukungu unaoota kutokana na unyevu huo hukataliwa pia.

Mvua nayo ina sharti lake. Upepo ukiezua paa, kisha mvua ikaingia kwa tundu hilo, vitu vilivyoloa hulipiwa. Mvua ikiingia kwa dirisha lililoachwa wazi, hakuna malipo. Bomba lililoganda wakati wa baridi hulipiwa ikiwa mpangaji alijitahidi kuacha nyumba na joto, au alifunga maji na kuyatoa mabombani. Aliyezima kipasha joto ili kuokoa fedha kisha akasafiri majuma matatu katikati ya Januari hana hoja. Maji machafu yanayorudi kupitia bomba la kutolea maji hayamo katika hati ya kawaida, ila yanaweza kuongezwa kwa kiambatisho na ada ndogo. Kwa anayepanga chumba cha chini ya ardhi, kiambatisho hicho kinafaa kuliko nyongeza nyingine nyingi.

Mafuriko, yaani maji yanayopanda kutoka mtoni, baharini au juu ya ardhi, yametengwa kabisa. Bunge la Marekani lilianzisha mpango wa kitaifa wa bima ya mafuriko mwaka 1968, na mpangaji anaweza kununua kupitia mpango huo kinga ya vitu vyake ya hadi dola 100,000. Kwa kawaida kinga hiyo huanza siku 30 baada ya kununuliwa, hivyo kuitafuta wakati kimbunga kimeshatangazwa ni kuchelewa.

Uzito wa mstari huo kati ya maji na maji ulionekana New Orleans. Kimbunga Katrina kilipiga tarehe 29 Agosti 2005, kuta za mifereji zikabomoka, na takriban asilimia 80 ya mji ikafunikwa na maji. Wadai walisema kwamba yale hayakuwa mafuriko ya asili bali matokeo ya kuta zilizojengwa vibaya, hivyo kifungu cha kutenga mafuriko kisitumike. Mwaka 2007 mahakama ya rufani ya shirikisho ya eneo hilo iliamua kwamba neno mafuriko linajumuisha pia maji yaliyotoka kwa sababu ya kuta kubomoka, hata kama kosa ni la binadamu. Aliyekuwa na bima ya kawaida pekee hakuwa na la kudai kwa vitu vilivyozama. Kilichobaki ni kuonyesha ni nini upepo ulikuwa umeharibu kabla maji hayajafika.

Thamani ya kulipwa

Mali inayolipiwa inaweza kuthaminiwa kwa njia mbili, na tofauti kati yake ni kubwa kuliko inavyoonekana katika karatasi za mauzo. Ya kwanza ni thamani halisi ya sasa, yaani bei ya kitu baada ya kutoa uchakavu. Ya pili ni gharama ya kununua kipya cha aina ile ile.

Tuseme televisheni iliyonunuliwa kwa dola 1,000 imeungua baada ya miaka mitano, na kampuni inahesabu kwamba televisheni hudumu miaka kumi. Kwa njia ya kwanza thamani yake ni dola 500. Ikiwa kiasi cha kujigharimia ni dola 500, mpangaji hapati kitu. Kwa njia ya pili, na bei ya sasa ikiwa bado dola 1,000, atapata dola 500. Fomu ya mfano hutumia njia ya kwanza isipokuwa mteja ameongeza ya pili kwa ada zaidi. Aliye na njia ya pili pia hapewi zote mara moja: mara nyingi kampuni hulipa kwanza thamani iliyopunguzwa kwa uchakavu, na kumalizia baada ya kuonyeshwa risiti ya kitu kipya.

Ndani ya kikomo kikubwa kuna vikomo vidogo. Fedha taslimu hulipwa hadi dola 200 tu. Vito na saa vikiibwa, dola 1,500 kwa vyote pamoja, hata kama ni dhahabu ya arusi yenye thamani mara kumi ya hiyo. Bunduki ni dola 2,500, vyombo vya fedha 2,500, na vifaa vya biashara vilivyomo nyumbani 2,500. Kiwango hiki cha mwisho huwagusa wanaoshona nguo, wanaosuka nywele au wanaopika chakula cha kuuza nyumbani. Mwenye dhahabu nyingi huweza kuiorodhesha kipekee baada ya kuithaminisha, na hapo hulindwa hata ikipotea tu.

Gharama za kuishi kwingine

Nyumba isipokalika kwa sababu ya janga lililotajwa, kampuni hulipa nyongeza ya gharama za maisha hadi itengenezwe au hadi mpangaji apate makazi mengine. Katika fomu ya mfano kikomo chake ni asilimia 30 ya kikomo cha mali: aliyekata dola 20,000 ana dola 6,000.

Neno la kuzingatia ni nyongeza. Familia iliyokuwa ikilipa kodi ya dola 1,200 na chakula cha dola 400 kwa mwezi, kisha ikatumia dola 2,600 kwa hoteli na 900 kwa chakula cha mgahawani, haipewi dola 3,500. Ikiwa kodi ya nyumba iliyoungua imesimama, hupewa tofauti, yaani dola 1,900. Risiti za kabla na baada huhitajika zote mbili.

Mamlaka za serikali zikizuia watu kurudi kwao kwa sababu janga limeharibu nyumba za jirani, sehemu hii hulipa pia, kwa muda usiozidi wiki mbili.

Dhima

Sehemu ya dhima haizungumzwi sana na wauzaji, lakini ndiyo inayoweza kumnusuru mpangaji na deni la maisha. Vitu vya chumba kimoja vinaweza kununuliwa upya kidogo kidogo. Moto uliotoka kwenye kikaango na kuteketeza nyumba nane za ghorofa huleta madai ambayo mshahara wa kawaida hauwezi kuyamaliza. Kiwango cha chini cha kawaida ni dola 100,000 kwa tukio, na kukiongeza hadi dola 300,000 hugharimu nyongeza ndogo tu.

Kampuni hulipa fidia kwa mtu aliyeumia au kuharibiwa mali kwa uzembe wa mwenye bima, na humwekea wakili hata kama madai hayana msingi. Mgeni akiteleza kwenye sakafu yenye maji, mtoto akivunja dirisha la jirani kwa mpira, mbwa akimng'ata mpita njia, yote huweza kuingia hapa, ingawa baadhi ya kampuni hutenga mbwa wa aina fulani. Madhara ya makusudi, ya shughuli za biashara na ya magari hayamo.

Kuna kipengele kingine kisichosomwa mara nyingi. Hati ya mfano hailipi uharibifu wa mali ambayo mwenye bima mwenyewe ameipanga, isipokuwa umesababishwa na moto, moshi au mlipuko. Mpangaji aliyesahau bomba la bafu likafurika na kuharibu sakafu ya mbao ya nyumba anamoishi anaweza kukuta kwamba makochi ya jirani wa chini yanalipiwa, lakini ile sakafu ya mwenye nyumba hailipiwi kwa sehemu hii.

Sehemu ndogo ya matibabu hulipia mgeni aliyeumia hadi dola 1,000 bila kuuliza nani mwenye kosa. Wanaoishi katika nyumba hiyo hawamo.

Mpangaji na bima ya mwenye nyumba

Swali linaloulizwa mara nyingi ni kwa nini mpangaji adaiwe jengo ambalo mwenye nyumba ameshalipwa na bima yake. Jibu liko katika kanuni ya kale ya bima: kampuni iliyomlipa aliyepata hasara hurithi haki yake ya kumdai aliyeisababisha. Hivyo mwenye nyumba anaweza asiwe na kinyongo chochote, na barua ya madai ikatoka kwa kampuni ambayo mpangaji hajawahi kuisikia.

Mahakama za Marekani hazikubaliani juu ya jambo hilo. Katika kesi ya Sutton dhidi ya Jondahl, mwaka 1975, mtoto wa mpangaji mwenye umri wa miaka kumi alianzisha moto alipokuwa akifanya majaribio ya kemia. Mahakama ya rufani ya Oklahoma iliamua kwamba mpangaji ahesabiwe kama mmoja wa waliokatiwa bima ya jengo, kwa kuwa kodi anayolipa ndiyo inayochangia ada yake. Na kampuni haiwezi kumdai mtu iliyemkatia bima. Majimbo kadhaa yalifuata uamuzi huo. Mengine yaliukataa, na mengine huangalia maneno ya mkataba wa upangaji katika kila kesi. Kwa hiyo kosa lile lile jikoni linaweza kuwa bure katika jimbo moja na deni kubwa katika jimbo jirani.

Sharti katika mkataba wa upangaji

Kwa sehemu kubwa ya Marekani mwenye nyumba anaruhusiwa kuweka sharti la bima katika mkataba. Baadhi ya majimbo yameweka mipaka. Sheria ya Oregon, kwa mfano, inamkataza kudai bima ya dhima kwa mpangaji ambaye kipato cha kaya yake hakizidi nusu ya kipato cha kati cha eneo, au katika nyumba iliyopewa ruzuku ya umma.

Sharti kwa kawaida huhusu dhima, maana ndiyo inayomlinda mwenye nyumba. Kampuni za usimamizi wa majengo huomba zitajwe katika hati ili zipate taarifa bima ikifutwa. Kutajwa huko peke yake hakuzifanyi kuwa na haki ya fidia ya vitu vya mpangaji. Asiyeleta uthibitisho wa bima mara nyingi huingizwa katika mpango wa mwenye nyumba na kutozwa ada ya kila mwezi pamoja na kodi. Mpango wa aina hiyo mara nyingi hulinda jengo tu. Mpangaji huona neno bima katika stakabadhi yake ya kodi na kudhani vitu vyake viko salama, na hugundua ukweli baada ya moto.

Wanaolindwa

Hati humlinda aliyetajwa jina, pamoja na mume au mke na jamaa wanaoishi katika kaya hiyo. Mtu wa kuchangia nyumba ambaye si ndugu hayumo, hata kama wanagawana kodi nusu kwa nusu, isipokuwa ametajwa. Binamu aliyepokewa na kuishi humo kama mtu wa nyumbani huweza kuhesabiwa kuwa jamaa. Rafiki kutoka kijiji kimoja, ambaye nyumbani huitwa ndugu, kwa kampuni ya bima ni mtu baki. Mwanafunzi wa muda wote mwenye umri chini ya miaka 24 aliyekuwa akiishi kwa wazazi wake kabla ya kwenda chuoni hubaki chini ya hati ya wazazi.

Kudai fidia

Baada ya tukio mwenye hati hutakiwa kuiarifu kampuni mapema, kuwaarifu polisi ikiwa ni wizi, kuzuia hasara isiongezeke, na kutoa orodha ya vitu vilivyoharibika pamoja na umri na thamani yake. Kampuni ikiomba tamko la hasara lenye kiapo, fomu ya mfano humpa siku 60.

Orodha hiyo ndiyo kazi ngumu, kwa kuwa huandikwa na mtu aliyekosa usingizi, kuhusu vitu ambavyo havipo tena. Picha au video ya kila chumba na kila kabati, iliyopigwa kabla na kuhifadhiwa nje ya nyumba, hurahisisha mambo. Kutia chumvi ni hatari: uongo wa makusudi kuhusu jambo la maana humpa mtoa bima sababu ya kukataa hata madai ya kweli. Anayeona amekataliwa isivyo haki anaweza kulalamika bure kwa idara ya bima ya jimbo lake.

Nchi nyingine

Ufaransa imechukua njia tofauti. Sheria ya tarehe 6 Julai 1989 inamlazimisha mpangaji wa makazi ya kawaida kukatia bima hatari za upangaji, hasa moto, mlipuko na maji, na kumwonyesha mwenye nyumba uthibitisho anapokabidhiwa funguo na kila mwaka akiombwa. Asipofanya hivyo mkataba unaweza kuvunjwa, au mwenye nyumba akamkatia bima na kumtoza gharama. Chanzo cha ukali huo ni kifungu cha 1733 cha Kanuni ya Sheria za Kiraia, kinachomhesabu mpangaji kuwa mwenye jukumu la moto mpaka athibitishe kwamba ulitokana na nguvu isiyozuilika, kasoro ya ujenzi, au nyumba ya jirani. Ulazima huo ni wa kumlinda mwenye jengo. Bima ya vitu vyake mwenyewe mpangaji huongeza akitaka.

Nchini Kenya mpangaji hununua kinga hiyo kama sehemu ya kifurushi cha bima ya nyumbani. Kifurushi huwa na sehemu za jengo, vitu vya ndani, vitu vya kubeba kama simu na kompyuta, wafanyakazi wa ndani, na dhima ya mwenye jengo au ya mkaaji. Mpangaji huacha sehemu za jengo na kuchukua zilizobaki. Mafuriko mara nyingi yamo, tofauti na Marekani. Wizi mara nyingi hulipiwa tu ikiwa kuna dalili za kuvunja mlango au dirisha.

Kifurushi hicho huweza kuwa na kanuni ya uwiano, ambayo haimo katika sehemu ya mali ya HO-4. Mwenye vitu vya shilingi 1,000,000 aliyetaja 500,000 ili kupunguza ada huhesabiwa kuwa amejibebea nusu ya hatari. Akiibiwa vya shilingi 200,000 hulipwa 100,000, ingawa kiasi alichokatia bima kilitosha kulipa vyote.

Nchini Tanzania kampuni za bima husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA) chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Huko ni kawaida kwa mwenye nyumba kudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, hivyo nyumba ikiungua mwezi wa pili mpangaji huwa na hasara ya kodi pamoja na ya vitu. Bima ya vitu vya ndani hailipi kodi hiyo isipokuwa hati imesema hivyo, na kurudishiwa kwake hutegemea zaidi maneno ya mkataba wa upangaji.